Claudette Theriault na Siku Kumi na Sita za Viazi

Ijumaa hii, tarehe 26 Septemba 2025, saa kumi na moja jioni, Claudette Theriault anarudisha funguo za ofisi yetu ya ukaguzi hapa Bangor. Alikabidhiwa funguo hizo Jumatatu ya tarehe 6 Juni 1994. Ukipiga hesabu ni miaka thelathini na moja, miezi mitatu na siku ishirini, na nimeipiga mara mbili kwa kuwa najua yeye ataipiga mara tatu.

Nimeombwa niandike wasifu wake huu, mlio nao mkononi kwenye sherehe ya kumuaga, kwa sababu nimekaa meza ya jirani naye kwa miaka kumi na tisa, na kwa sababu wengine wote walioombwa walisingizia kazi nyingi. Jina langu ni Everett Sousa. Mimi ni mtu wa Rhode Island, na Claudette hajaniruhusu nisahau hilo hata siku moja. Kwake yeye, yeyote aliyezaliwa kusini mwa Bangor ni "mtu wa pwani", na mtu wa pwani ni kiumbe asiyeweza kutofautisha kiazi cha mbegu na kiazi cha kuchemsha.

Yeye alizaliwa kaskazini kabisa, Aroostook, kwenye shamba la viazi la wazazi wake, mtoto wa nne kati ya saba. Nyumbani walisema Kifaransa, shuleni Kiingereza, na shambani, anasema, hakuna aliyekuwa na pumzi ya kusema lolote. Alifanya kazi miaka mitano katika kiwanda cha chipsi zilizogandishwa, akasoma uhasibu kwa masomo ya jioni, akaolewa na Gil, fundi wa mitambo katika kiwanda cha karatasi. Kisha akaja kwetu na koti la kuazima na barua ya sifa kutoka kwa msimamizi wa kiwanda iliyosema tu kwamba ghala halijawahi kupotelewa na gunia wakati wake.

Kwa wageni wetu mnaojiuliza tunafanya nini mchana kutwa: serikali kuu ya Washington hukopesha wanafunzi, chuo huamua nani apate kiasi gani, nasi huja baadaye kutazama kama chuo kimekosea. Kwa kawaida kimekosea. Hakuna ubaya ndani yake. Wanaogawa mikopo hiyo ni watu wema waliochoka, na kitabu cha kanuni ni kinene kuliko tofali. Claudette aliwapenda watu hao. Aliandika maoni yake kwa wino wa kijani, akisema wino mwekundu humtia mtu kiwewe kabla hajasoma, na mtu mwenye kiwewe huficha karatasi.

Wazee wa ofisi bado wanasimulia habari ya Duke. Ilikuwa 1997, katika chuo kimoja kidogo cha bondeni. Mwanafunzi alikuwa amepewa msaada kwa hesabu ya familia ya watu sita, maana familia kubwa huhesabiwa kuwa na uwezo mdogo. Claudette akaona wa sita anaitwa Duke, umri miaka minne, na mbele ya uhusiano pameandikwa "wa nyumbani". Wengine tungepita. Yeye akapiga simu.

"Samahani mama, huyu Duke ni mtoto wako wa mwisho?"

"Duke?" mama akashangaa. "Duke ni mbwa, mpenzi. Na usimwandike popote, huyo ukimwambia kaa, anasimama."

Chuo kikarekebisha, familia ikapungua mtu mmoja, na mama yule akatuletea mkate wa ndizi kila Krismasi mpaka alipohamia Florida. Ndivyo Claudette alivyo. Atakukuta na kosa, atalitoa, na mtaagana mkiwa marafiki. Mimi nikikukuta na kosa hilohilo utanichukia mpaka kufa, na sijui tofauti iko wapi.

Kuna mengine mengi. Yule mwanafunzi aliyekopeshwa kiwango cha mwaka wa tatu kwa sababu alikuwa na miaka mitatu chuoni, ingawa masomo aliyofaulu yalikuwa manne. Safari ya Februari tuliyolala ndani ya gari mbele ya kituo cha mafuta kwa sababu ya theluji, Claudette akanilisha ployes baridi, chapati laini za kwao, zilizopakwa siagi akinieleza, kwa saa mbili nzima, kwa nini unga wa dukani haufai. Kongoni mkubwa wa kaskazini, moose, aliyesimama katikati ya barabara, Claudette akamshushia kioo cha gari na kumgombeza kwa Kifaransa. Akaondoka. Moose, si Claudette.

Sasa nije kwenye jambo ambalo Claudette aliniambia nisiliandike. Aliniambia Jumanne, akanikumbusha Jumatano. Samahani, dada. Wasifu usio na kosa ndani yake ni ripoti ambayo haijakaguliwa, na hayo ni maneno yako mwenyewe.

Karibu na mpaka wa Kanada kuna chuo kiitwacho Bellefleur, chenye wanafunzi wasiozidi mia sita. Claudette alikikagua kila mwaka tangu 2004, siku zote mwezi wa Juni. Ofisa wake wa mikopo alikuwa Normand Levasseur, mtu mpole, mtoto wa mkulima, mwenye mafaili yaliyopangwa vizuri kuliko droo yangu ya soksi. Mwaka baada ya mwaka, Bellefleur ilipata ripoti safi, na mwaka baada ya mwaka chini ya ripoti hiyo palikuwa na sahihi ya Claudette.

Mwaka 2011 maji yaliingia katika chumba cha chini ambamo Normand aliweka mafaili. Ukaguzi wa Juni ukaahirishwa hadi karatasi zikauke, na ndipo tukajikuta, Jumanne ya tarehe 20 Septemba, Claudette na mimi, tunaendesha kwenda kaskazini. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza. Pande zote mbili za barabara mashamba yalikuwa yamefukuliwa, trekta zikijikokota, na watu wameinama kwenye mistari wakijaza mapipa. Wasichana wawili karibu na barabara walikuwa wamevaa fulana za Bellefleur.

"Hawa si wanafunzi hawa?" nikauliza.

"Ndio hao."

"Jumanne asubuhi? Hawana darasa?"

"Mavuno haya, Sousa. Nani atakaa darasani viazi viko ardhini?"

"Aa, kumbe wako likizo."

Claudette akacheka mpaka gari likayumba. "Likizo! Msikieni mtu wa pwani! Hebu shuka hapo uiname, jaza mapipa hamsini, jioni uje uniambie mgongo wako uko likizo."

"Haya, nimekoma. Lakini chuoni kuna nani sasa hivi?"

"Hakuna mtu. Hata walimu wako shambani."

"Kwa muda gani?"

"Wiki mbili, mvua isipo..."

Hakumaliza. Akapunguza mwendo. Kisha akaegesha gari kando ya kibanda kimoja cha kuuzia viazi, kile cha kujihudumia chenye kopo la kutumbukizia hela, akazima injini.

"Wiki mbili ni siku ngapi?"

"Kumi na nne, si ndiyo?"

"Na Jumamosi na Jumapili ya kutangulia?"

"Basi kumi na sita."

"Tuliziondoa?"

Nikamwambia sijui, sijawahi kulishika faili la Bellefleur. Yeye alikuwa amelishika. Akaweka mikono yote miwili juu ya usukani akatazama shamba lililo mbele yake. "Hatukuziondoa," akasema. "Miaka saba, Everett." Hakuwahi kuniita Everett kabla ya siku hiyo.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanafunzi akiacha masomo katikati ya muhula, chuo huhesabu siku alizosoma na kuzigawa kwa siku zote za muhula. Akiwa amesoma robo, basi robo ya mkopo ni yake kihalali, na sehemu iliyobaki chuo huirudisha Washington, kisha humgeukia mwanafunzi na kumdai ada iliyobaki wazi. Ila kanuni inasema likizo ya siku tano mfululizo au zaidi haihesabiwi hata kidogo. Inatolewa kabisa kwenye muhula. Bellefleur walitoa likizo ya Sikukuu ya Shukrani bila kosa. Wiki za mavuno hawakuzitoa. Muhula wa siku tisini na sita ukawa wa siku mia na kumi na mbili, na aliyeondoka siku ya ishirini na nne, ambaye alikuwa amesoma robo kamili, akaandikiwa amesoma kama moja ya tano tu. Tofauti ilikuwa kama dola mia moja, mia mbili kwa mtu. Kwa aliyeacha chuo kwa sababu maisha yamemwangukia, ni nyingi, na deni hilo likiwa bado halijalipwa, chuo hakimpi hati yake ya matokeo, wala hawezi kujiandikisha tena pale, wala kwingine.

Nilipofika Bellefleur ndipo nilipoelewa jinsi jambo kubwa namna hiyo lilivyoweza kupita. Kwenye kalenda ya chuo wiki hizo zilikuwepo, zimeandikwa waziwazi, "Wiki za Mavuno", kati ya mwisho wa kubadili masomo na mitihani ya kati. Normand alikuja kutufungulia ofisi akiwa na buti zenye udongo. Claudette akamwonyesha hesabu, naye akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Claudette," akasema mwishowe, "mavuno si likizo."

"Najua."

"Likizo ni kwenda Florida. Likizo ni kulala. Mimi tangu nina miaka sita sijawahi kulala wakati wa mavuno. Mama yako akisikia unaita mavuno likizo atafufuka akuzabe kofi."

"Najua, Normand. Ndiyo maana tumekosea wote wawili."

Mtu yeyote wa kutoka nje angeuliza swali langu la kijinga siku ya kwanza. Lakini Bellefleur ilikaguliwa na binti wa Aroostook, ambaye kichwani mwake palikuwa na vitu viwili tu, kazi na likizo, na mavuno yalikuwa kazi kuliko kazi zote. Alikuwa ameiona ile kalenda mara saba. Aliisoma, anasema, na moyo wake ukafurahi kidogo kila mara, akageuza ukurasa.

Tulirudi Bangor siku tatu baadaye tukiwa na orodha. Katika miaka hiyo saba wanafunzi sitini na watatu walikuwa wameacha masomo katika muhula wa vuli. Kumi na watatu hesabu haikuwagusa, maana waliondoka karibu na mwisho, wakati mkopo wote umekwisha kuwa wao. Tisa, walioondoka baada ya mavuno na kuhesabiwa zile siku kumi na sita kana kwamba walisoma, walikuwa wameachiwa zaidi ya haki yao, na hilo lingekuwa juu ya chuo kulipa. Waliobaki, arobaini na mmoja, walidaiwa pesa ambayo hawakuwa wakidaiwa.

Claudette aliiweka orodha hiyo mezani kwa Wendell Haskins, mkuu wa ofisi yetu wakati huo. Nilikuwepo. Wendell, ambaye leo amesafiri kutoka kwa binti yake kuja kula keki hii na amenipa ruhusa ya kuandika yafuatayo, alisoma, akavua miwani, akafunga mlango.

"Anzeni na mwaka huu," akasema. "Andikeni kosa la mwaka huu, chuo kirekebishe, mbele kwa mbele. Ya nyuma yamefungwa, Washington wameyapokea. Hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika."

"Hawakulalamika kwa sababu sisi tuliwaambia hesabu ni sahihi," Claudette akajibu.

"Sisi? Sahihi ni yako, Claudette. Ukiifungua miaka saba bodi ya wakaguzi itauliza nani alikuwa mkaguzi. Wanaweza kukunyang'anya leseni. Unalielewa hilo?"

"Nalielewa."

"Na Gil je?"

Kiwanda cha karatasi kilikuwa kimefungwa mwaka uliotangulia. Gil alikuwa nyumbani, akitengeneza mashine za kukatia nyasi za majirani. Nyumba ilikuwa na miaka kumi na moja ya mkopo wa benki mbele yake. Claudette alikuwa na miaka hamsini na moja, na bila leseni ile asingekuwa mkaguzi tena, si kwetu wala kokote. Hayo yote Wendell hakuyasema. Sote watatu tulikuwa tunayajua.

Mimi, naandika haya kwa aibu, nilikuwa upande wa Wendell. Nilimfuata Claudette hadi kwenye maegesho nikamwambia asijiue kwa ajili ya dola mia moja za watu ambao hawamjui. Nilimwambia natamani nisingeuliza lile swali. Alikuwa anatafuta funguo za gari kwenye mkoba.

"Uliuliza vizuri," akasema. "Mimi ndiye sikuuliza. Wako watu arobaini na mmoja kule, Sousa, kila mmoja anafikiri ana deni. Mimi najua kuwa si deni. Nikalale vipi?"

Akaiandika ripoti ya miaka yote saba. Ukurasa wa kwanza, aya ya pili, akajitaja kwa jina. Kisha akafanya jambo ambalo mwanasheria wetu alimkataza kwa simu, kwa barua, na mara moja kwa kusimama mbele ya mashine ya kunakili. Bellefleur walipowaandikia wale arobaini na mmoja kuwaeleza marekebisho, Normand alitia ndani ya kila bahasha karatasi ndogo kutoka kwa Claudette. Ninayo nakala. Inasema: "Mimi ndiye mkaguzi niliyesema kwamba hesabu yako ilikuwa sahihi. Haikuwa sahihi. Kulikuwa na swali nililopaswa kuuliza nami sikuliuliza. Naomba radhi." Na jina lake.

Wawili walijibu. Mmoja alimtukana. Wa pili aliuliza kama tuna nafasi ya kazi.

Bodi ilikaa na jambo lake miezi mitano. Kila asubuhi Claudette alifika saa mbili kasorobo kama kawaida, akapasha kahawa, akanitania. Ilinichukua muda kutambua kwamba vitu mezani kwake vinapungua. Leo picha ya Gil, wiki ijayo kile kikombe cha Québec, kisha maua ya dirishani chungu kimoja kimoja. Alikuwa anahama kidogokidogo ili siku ya kufukuzwa asibebe sanduku mbele yetu. Sikumwambia kwamba nimeona. Nilinunua tu ua jingine nikaliweka pale, naye akaniuliza kwa nini nimenunua kitu kilichokwisha kufa.

Barua ya bodi ilifika Machi. Claudette aliifungulia chooni, akakaa humo dakika kumi, na sote tukajifanya tunafanya kazi. Alipotoka alisema, "Wamenipa onyo na saa kumi na sita za darasa." Wendell akakaa chini palepale, juu ya kikapu cha karatasi. Leseni alibaki nayo. Darasa lenyewe lilikuwa mjini Augusta, juu ya kanuni za kurudisha mikopo, na mwalimu alifundisha kwa kutumia muhtasari ambao Claudette aliuandika mwaka 2003. Saa ya tatu yule mwalimu akagundua nani amekaa kiti cha nyuma, akampa chaki.

Bellefleur, niseme ukweli, walitukasirikia. Walilipa ya wale tisa kutoka mfukoni mwao, wakachukua mkaguzi mwingine wa mbali. Mwaka uliofuata Normand akapiga simu. "Mrudisheni Claudette," akasema. "Huyu tuliyemchukua ameniuliza viazi huchumwa kwenye miti gani." Tumeendelea na Bellefleur hadi leo.

Tangu hapo Claudette alibadili namna ya kufanya kazi, na ofisi nzima ikabadilika nyuma yake. Akifika chuo kipya haanzi na ofisi ya mikopo. Anaanza na mtu wa funguo, yule anayefunga na kufungua majengo, anamnunulia kahawa na kumuuliza ni siku gani humu ndani huwa hakuna mtu. Kwa njia hiyo tulikipata chuo kimoja cha magharibi ambacho "Wiki ya Kujisomea" yake, iliyoandikwa vizuri sana kwenye kalenda, iliangukia kila mwaka wiki ya kwanza ya kuwinda paa. Mzee wa funguo alicheka sana. "Kujisomea? Labda wanawasomea paa." Wakaguzi kumi na mmoja waliofundishwa na Claudette, mimi nikiwa mzito kuliko wote, wanaanza hivyohivyo popote walipo.

Amekagua vyuo kumi na tisa. Ameandika ripoti zaidi ya mia mbili. Mkopo wa nyumba umekwisha, na Gil ana karakana yenye mashine nyingi za nyasi kuliko nyasi zilizopo mtaani kwao. Wiki ijayo anakwenda kwa kaka yake kusimamia wachambuaji wa viazi. Nilimwambia huko si kustaafu, akaniambia niendelee na kazi yangu.

Kwa niaba ya wote waliowahi kukaa katika ofisi hii, asante, Claudette. Asante kwa kahawa ya saa mbili kasorobo, kwa ployes, kwa kutuvumilia sisi watu wa pwani. Mimi binafsi nakushukuru kwa yale maneno ya kwenye maegesho. Nilikuwa na miaka thelathini na minane nikidhani najua kazi yetu ni nini, na siku ile niliona sijui.

Limebaki moja, nawe hulijui.

Wiki tatu zilizopita, ulipokuwa kwa daktari wa meno, mwanamke alipiga simu ofisini akiuliza kama Bibi Theriault bado yupo. Anaitwa Yvette Saucier. Vuli ya 2009 alikuwa mwaka wa kwanza Bellefleur, akaacha siku ya ishirini na nne mama yake alipovunjika nyonga. Chuo kikamdai. Kwa miaka miwili alisafisha vyumba vya moteli akilipa kidogo kidogo, mpaka zikabaki dola mia na sitini, na hapo moteli ikafungwa, zikamshinda. Kisha ikaja barua ya Bellefleur ikisema hadaiwi kitu, tena ana kumi na nane za kurudishiwa. Ile hundi ya dola kumi na nane hajaipeleka benki mpaka leo, na kama mkaguzi ilinipasa nimkemee.

"Hela si kitu," aliniambia. "Mimi miaka miwili nilijiona mtu wa madeni. Nilikuwa nikipita mbele ya kile chuo natazama upande wa pili. Halafu mtu wa ofisini, simjui hanijui, ananiandikia kwamba aliyekosea ni yeye. Nilimsomea mama mezani, tukalia wote, tukala. Jumatatu yake nikaenda kuchukua hati yangu."

Alirudi darasani Januari ile. Ni muuguzi, mwaka wa kumi huu, wodi ya mifupa.

Miaka thelathini na moja umewatetea watu hawa kwa namba za mafaili tu, na hujawahi kumwona hata mmoja wao. Yvette ameomba ruhusa zamu yake ya leo akaendesha saa tatu kuja hapa. Hataki kuitwa jukwaani, ana haya. Amekaa meza ya karibu na birika la kahawa, mwenye sweta ya njano, na tangu uingie amekuwa akikutazama.

Pumzika vizuri, dada yetu, wewe na Gil, na asubuhi zenu ziwe ndefu. Sasa weka karatasi hii chini, ugeuke.